Kufunga keria juu ya gari dogo: nilichojifunza baada ya keria yangu kung'oka barabarani

FundiKioo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Uzi huu ni wa mafundi wenzangu na wafanyabiashara tunaobeba mali juu ya paa za magari madogo. Mimi ni fundi wa madirisha ya alumini na dari za jipsamu, makazi yangu Dar, na kazi nyingi zinanipeleka Kibaha, Mlandizi hadi Chalinze. Gari langu ni Probox. Nina miaka minne natumia keria, na mwaka wa pili ilinitoka ikiwa na mzigo.

Nilikuwa nimepakia profaili za mita 6, yaani vile vipande virefu vya alumini vya kutengenezea madirisha. Kabla ya kufika Mlandizi, daladala iliyokuwa mbele ikasimama ghafla kushusha abiria. Nikakanyaga breki kwa nguvu. Gari lilisimama, keria haikusimama. Miguu yake ya mbele ilichana bati la paa, profaili zikapita juu ya boneti kama mikuki na kwenda kujikita kwenye lami, hatua chache tu kutoka kwa bodaboda aliyembeba mama mwenye mtoto mgongoni. Hakuna aliyeumia. Yule mama alishuka, akaketi kando ya barabara bila kusema neno, na mimi nilikosa la kumwambia zaidi ya pole. Hadi leo sifungi mzigo bila kumkumbuka.

Nilipoikagua keria jioni ile nilishangaa: fremu nzima, kulehemu kuzuri, bolti hazijakatika hata moja. Kilichoshindwa ni paa. Fundi aliyenifungia alitoboa matundu sita kwenye bati, akapitisha bolti za milimita 8 na washa ndogo ndogo (vile viduara vya chuma vinavyokaa chini ya bolti), akakaza, akapaka silikoni, kazi imekwisha. Bati la paa la gari dogo lina unene wa milimita 0.7 hadi 0.8. Washa ile ilipita kwenye bati kama kifungo kinavyochomoka kwenye tundu la shati lililolegea.

Tukienda kutengeneza keria tunauliza chuma ni kinene kiasi gani, rangi gani, ina ngazi au haina. Hatuulizi itashika wapi. Naomba anayesoma hapa aanze na swali hilo kabla hajafikiria chuma. Kiwandani gari nyingi zimeachiwa sehemu zake za kushikia keria, na kwa kawaida ni moja ya hizi.

Gari za zamani kama Land Cruiser za mfululizo wa 70, Defender na Hiace za kale zina mfereji wa maji kando ya paa. Huo mfereji ndio mahali pazuri kuliko pote, kwa sababu umeungwa na ukingo mzima wa bodi. Miguu ya keria inabana pale bila kutoboa chochote. Ila kwangua uchafu uangalie kutu kwanza. Mfereji uliooza utakatika.

Gari nyingine zina reli zinazokwenda kwa urefu wa gari, kushoto na kulia. Hizi zimefungwa kwenye nati zilizochomelewa ndani ya ukingo wa paa, lakini peke yake hazijakamilika. Unahitaji vyuma viwili vya kukatiza kutoka reli hadi reli, ndipo mzigo ukae juu ya hivyo vyuma.

Halafu kuna zile ambazo ukiziangalia unaona paa tupu, ila ukiinua utepe wa plastiki ulio kando ya paa unakuta matundu yenye nati, yamezibwa na vifuniko. Watu wengi wamekwenda kutobolewa paa ilhali nati za kiwandani zilikuwa sentimita kumi tu kutoka pale fundi alipoweka drili. Inua utepe taratibu kwa kadi ya plastiki, si bisibisi, usije ukauvunja.

Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, kuna miguu inayobana kwenye fremu ya mlango, juu pale mlango unapofungia. Inakaa kwenye raba juu ya paa na kulabu yake inashika ukingo kwa ndani. Ndiyo ninayoitumia sasa. Haibebi maajabu, ila haijanisumbua.

Sasa uzito. Magari madogo mengi yameandikiwa na kiwanda kilo 50 hadi 100 juu ya paa, na kiasi hicho kinahesabu na keria yenyewe. Keria yangu ile ya kwanza ilikula kama mita 20 za skwea paipu (bomba la chuma la pembe nne) ya milimita 25 yenye unene wa milimita 1.5. Mita moja ya paipu hiyo ina kilo 1.1, kwa hiyo kabla sijaweka mzigo nilikuwa tayari nimebeba kilo 22. Ubao mmoja wa jipsamu wa milimita 9, ule wa mita 1.2 kwa 2.4, una kama kilo 20. Piga hesabu mwenyewe: gari lenye kikomo cha kilo 80 linabaki na nafasi ya mbao mbili, tatu ukijilazimisha. Mimi nilikuwa napakia kumi na mbili na kujisifu kwamba gari ni imara.

Wenye Probox na Succeed, kuna kibandiko cha Kijapani kwenye mlango wa nyuma. Kinasema kilo 400 watu wakiwa wawili, kilo 250 wakiwa watano. Huo ni mzigo wa gari zima, na mahali pake ni ndani, chini, siyo juu.

Maswali yanakaribishwa. Na mwenye kunisahihisha anisahihishe.

Nyikani

Nakaa hapa, nasubiri wataalamu.

DukaLaMagodoro

Kaka pole sana kwa yaliyokukuta, Mungu alimlinda yule mama. Mimi nauza magodoro na vitanda, gari ni RAV4 Kili Time, reli zipo tangu limekuja. Siku zote naweka godoro moja kwa moja juu ya paa, napitisha kamba kwenye reli, basi. Unaposema vyuma vya kukatiza ni lazima hata kwa godoro? Godoro si jepesi? La futi 5 kwa 6 nalibeba mwenyewe kichwani.

FundiKioo

Dada, ahsante. Godoro ndilo linaloniogopesha kuliko hata profaili, na sababu si uzito, ni upepo.

Upepo haupandi sawasawa na kasi. Ukizidisha kasi mara mbili, nguvu ya upepo inazidi mara nne. Kila mita ya mraba inayokabili upepo inasukumwa na kama kilo 12 ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, kama kilo 30 ukiwa kwenye 80, na kama kilo 47 ukiwa kwenye 100. Godoro lako ni mita za mraba 2.8. Likiwa limelala vizuri, upepo unapita juu na chini. Siku likinyanyuka upande wa mbele upepo ukaingia chini yake, kwenye 50 linavutwa na kama kilo 33, na kwenye 100 zaidi ya kilo 130. Hilo lile lile unalobeba kichwani. Na ukipishana na basi linalokuja kasi, upepo wake unajumlishwa na wako.

Vyuma vya kukatiza vinakupa mahali pa kufunga mbele na nyuma ya godoro. Pia vinazuia kamba isivute reli kwa pembeni, maana reli zimetengenezwa kushika mzigo unaokandamiza kwenda chini. Weka ubao mwepesi au plaiwudi nyembamba chini ya godoro na nyingine juu yake, ufunge kama sandwichi. Ukingo wa mbele ufungwe wa kwanza na uwe chini kuliko wa nyuma.

Kisha kagua hizo reli. Vifuniko vya plastiki kwenye ncha vinafunguka, ndani utakuta bolti. Zishike kwa spana uone kama zimelegea, na utikise reli kwa mkono mmoja huku mwingine uko juu ya paa. Ikicheza hata kidogo, usibebe.

MchomeleajiMkongwe

Kijana, nimekusoma mwanzo hadi mwisho. Umeandika vizuri lakini umewaonea mafundi. Natengeneza keria tangu enzi za Peugeot 504 zinakwenda mikoani. Paa nimetoboa nyingi sana na wateja wangu wanarudi kuleta gari jingine, hawaji kulalamika. Nimeona keria imekaa watu watano na magunia na paa halijabonyea. Tatizo lako si kutoboa, ni fundi aliyetoboa bila kujua anatoboa wapi.

FundiKioo

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umeingia, maana uzi huu unahitaji watu wa umri na uzoefu wako.

Nakubaliana na neno lako la mwisho. Kuhusu watu watano juu ya keria, naomba niongeze kitu. Gari likiwa limesimama au linatambaa, mzigo unakandamiza tu, na nguzo za paa zinastahimili sana. Barabarani mzigo unavuta kwenda mbele, nyuma na pembeni. Breki kali ya dharura inasukuma mzigo mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wake. Kilo 60 za juu zinavuta bolti karibu kilo 50 kwa mlalo. Ukigonga kitu kwa kasi ya 50 na gari likasimama ndani ya nusu mita, mzigo huo unavuta kama tani 1.2. Bati la milimita 0.8 halina jibu kwa hilo.

Mzee, kwa faida ya wasomaji, wewe unatoboa wapi?

MchomeleajiMkongwe

Marahaba. Hapo umeuliza swali la kazi.

Paa la gari lina mbavu. Ni vyuma vinavyokatiza kwa ndani kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine, na nyingi zinakuja kukutana na nguzo za milango. Mguu wa keria ukae juu ya ubavu au kwenye ukingo karibu na nguzo, kamwe usikae katikati ya bati tupu. Kuutafuta ubavu si lazima uone: piga paa kwa ngumi polepole ukitembea. Pale penye bati tupu panalia kama debe, pale penye ubavu sauti inakufa. Weka alama ya chaki. Kisha shusha dari la ndani uhakikishe kwa macho. Ukitoa vishikio vya mkono na vifuniko vya juu vya nguzo, dari linashuka kiasi cha kuingiza mkono na tochi.

Ndani sitii washa. Ninakata flatibaa (chuma bapa) ya milimita 3 au 4, upana sentimita 5, urefu kama 10, naikunja ifuate umbo la paa, natoboa matundu mawili. Bolti zinakaza paa katikati ya mguu wa keria na hiyo flatibaa. Hapo hata ukivuta, unavuta eneo zima, si tundu. Kule kulikokuumiza wewe ndiko walikoruka hatua hiyo, kwa sababu kushusha dari ni kazi ya saa mbili na mteja anataka gari jioni.

Na nawakataza wanangu hapa karakana jambo moja: kuchomelea miguu kwenye paa. Bati jembamba linaungua, linapoteza nguvu pembeni mwa mshono, rangi ya ndani inaungua na dari linashika moto. Akija mteja anataka achomelewe, namwambia aende kwingine.

FundiKioo

Mzee, maelezo haya ya flatibaa ningeyapata miaka minne iliyopita ningelala usingizi. Naomba niongeze tahadhari mbili kwa atakayetoboa. Gari likiwa na maandishi ya SRS AIRBAG kwenye nguzo au kwenye ukingo wa dari, kuna mfuko wa hewa umekunjwa kando ya paa urefu wote wa madirisha. Usilete drili pale kabisa, hata kama ubavu upo. Gari za namna hiyo tumia nati za kiwandani au miguu ya kubana mlangoni. La pili ni nyaya za taa ya ndani, mara nyingi zinapita kando ya ukingo huo huo. Chomoa betri, shusha dari, ona kwa macho.

MchomeleajiMkongwe

Hilo la mifuko ya hewa ni kweli. Hizo gari mpya mimi sitoboi.

Forester_Moshi

Wakuu nina Subaru Forester isiyo na reli. Nimesoma hapo juu nikaenda nje na tochi. Kwenye utepe wa paa kuna vifuniko vinne vidogo vya plastiki, viwili kila upande. Nimefungua kimoja, ndani kuna tundu lenye uzi wa bolti. Miaka mitatu nalimiliki gari hili sikuwahi kujua! Na mwezi uliopita nilishakubaliana bei na fundi aje atoboe. Swali: bolti ya ukubwa gani, na nikaze kiasi gani?

FundiKioo

Hongera mkuu, umeokoa paa. Chukua bolti uipeleke kwa mkono mtupu kwanza, bila spana. Inapaswa kuingia mizunguko mitano au sita kwa vidole tu. Ikigoma baada ya mzunguko mmoja, ama saizi si yenyewe ama kuna uchafu; puliza tundu, weka tone la mafuta, jaribu tena. Usilazimishe, maana nati ile ikiharibika uzi, kuitoa ni kazi kubwa ya kushusha dari. Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, ukipeleka kipimo wanakupa bolti ya uzi huo huo, usikubali ya "kukaribiana".

Kukaza: za milimita 6 zinakazwa na spana namba 10, na mkono wa kawaida kwenye spana fupi unatosha. Ukiweka bomba kwenye spana ili upate nguvu unaivunja. Za milimita 8 kwenye gari za Japani kwa kawaida zina kichwa cha namba 12. Ukimaliza, chora mstari wa rangi unaokatiza kichwa cha bolti na chuma cha mguu. Siku mstari ukiachana, ujue bolti imezunguka. Kaza tena baada ya kilomita 50 za kwanza, halafu kila unapobadili mzigo pitisha mkono. Mimi hufanya hivyo nikiwa sheli wakati wanajaza mafuta.

MwanaLikoni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi niko Mombasa, natumia Probox kubebea mabomba na matangi ya maji, huku kwetu Probox ndiyo punda wa kila kazi. Nataka kusema kuhusu kutu kwa sababu sisi wa pwani ndiyo adui yetu. Keria yangu ilitengenezwa na mafundi wa jua kali, chuma kizuri, lakini mwaka mmoja na nusu tu paa likaanza kutoa machozi ya rangi ya chai chini ya kila mguu. Nilipofungua nikakuta kutu imekula mduara mzima wa tundu. Na silikoni walipaka nyingi mno! Sasa najiuliza, silikoni haikuzuia maji au ni nini?

FundiKioo

Waaleikum salaam ndugu yangu wa Likoni. Huenda silikoni yenyewe ndiyo iliyosaidia kutu. Sisi wa madirisha tunaijua hii kwa pua: silikoni ya bei rahisi ukiifungua inanuka siki. Ile harufu ni asidi inayotoka ikiwa inakauka, na ikikutana na chuma kisicho na rangi inakiunguza. Kwenye kioo na alumini iliyopakwa rangi haina shida. Kwenye tundu jipya la paa la gari, ina shida.

Tundu likishatobolewa, ondoa vipande vyote vya chuma juu ya paa, maana kila kipande kinaanzisha kutu pale kilipolala. Lainisha ukingo kwa msasa, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye mdomo wa tundu na ndani yake, subiri ikauke kabisa, paka ya pili. Ndipo uweke gundi ile nyeusi inayobandikia vioo vya mbele vya magari. Haina harufu ya siki, inashika chuma, na inabaki laini kama mpira hata gari likitikisika. Chini ya mguu weka kipande cha raba.

Jambo jingine kwa watu wa bahari. Kama keria ni ya alumini na bolti ni za stenlesi au chuma, hivyo vyuma viwili vikilowa maji ya chumvi vinakulana, na anayeliwa ni alumini. Nimefungua madirisha Kigamboni nikakuta unga mweupe pembeni ya kila skrubu. Weka washa ya plastiki katikati na upake grisi kwenye uzi wa bolti, na suuza keria kwa maji baridi mara kwa mara.

MwanaLikoni

Siki! Naikumbuka ile harufu, ilijaa gari siku mbili. Shukran sana ndugu yangu. Kesho nafungua miguu yote.

Utingo_Singida

Mimi nilianza kazi nikiwa utingo wa Hiace, sasa naendesha yangu. Naona mmeongea chuma tu, kamba mmeisahau. Keria ikae vizuri namna gani, mzigo usipofungwa vizuri utaondoka wenyewe. Na huku Singida upepo unajulikana.

Kamba za manila zinavutika. Unafunga asubuhi ikiwa imekaza kama waya, baada ya kilomita 30 unaigusa imelegea. Kwa hiyo safari yoyote nasimama baada ya kilomita 10 au 15, nakaza tena. Kamba iliyokaa juani mwaka mzima ikaanza kutoa nywele, itupe. Mipira ya tairi tunayokata vipande ni ya kuzuia vitu vidogo visicheze. Usiitegemee kushika mzigo mzima, kwa sababu inavutika mzigo unapata nafasi ya kuruka, na ukisharuka mara moja mpira unakatika.

Siku hizi natumia mikanda ya racheti. Mkanda ukipita juu wazi kwenye upepo unanguruma na kutetemeka mpaka unajikata pembeni. Uzungushe mara moja kabla ya kukaza, unanyamaza. Mahali mkanda unapopita kwenye ncha kali ya bati au profaili, weka kipande cha boksi au raba ya zamani. Na mkia wa mkanda uufunge, usiuache upepee, utaingia kwenye tairi.

FundiKioo

Utingo umenena. Kwa mizigo mirefu kama ya kwangu, mikanda miwili ya kukatiza juu ya keria haitoshi kabisa. Probox ina kama mita 4.2, profaili ina mita 6, kwa hiyo zaidi ya mita moja na nusu inaning'inia nje. Ncha hizo zinapigapiga kwenye kila tuta, na kila pigo linalegeza mkanda. Lazima kuwe na kamba ya kutoka ncha ya mbele hadi chini ya bampa, na nyingine kama hiyo nyuma. Mbele funga kwenye ile pete ya kuvutia gari. Kama haifikiki, fungua boneti, tafuta bolti inayoshika madigadi ya mbele kwa ndani, itoe, pitisha kitanzi cha mkanda wa nailoni chini yake, uikaze tena. Ukifunga boneti, kitanzi kinatokeza nje na unapata mahali imara pa kufungia. Usipotumia unakirudisha ndani.

Hizo kamba za mbele na nyuma ndizo zinazozuia mzigo usiteleze ukishika breki. Mimi siku ile sikuwa nazo. Ningekuwa nazo, nadhani keria ingeng'oka lakini profaili zisingefika kwa yule mama.

Kijiwe_Buguruni

Na trafiki je? Wananisimamisha kila mara nikibeba nondo.

FundiKioo

Mkuu, kwa nondo ushauri wangu ni kukodi kirikuu (pikapu ndogo) au guta (la matairi matatu). Nondo ya milimita 12 ina mita 12 na karibu kilo 10.7 kila moja. Nane tu ni kilo 85, na zinainama mbele na nyuma mpaka zinakwaruza lami. Wanaozikunja katikati wazibebe juu ya gari dogo, kona ya kwanza tu ile spring yake inasukuma pembeni. Hizo si za paa.

Kwa mizigo mingine inayotokeza nyuma, funga kitambaa chekundu kwenye ncha, na usiku weka taa nyekundu au kiakisi. Mzigo usifunike taa wala namba za gari, na usitokeze pembeni. Mimi nikiwa nimefunga mbele na nyuma kama nilivyoeleza, mara nyingi askari anatazama, anavuta mkanda, ananiruhusu.

Nyikani

Mkuu na mafuta? Keria tupu inakula mafuta?

FundiKioo

Inakula, na unaisikia: ule mlio wa upepo juu ya kichwa ni mafuta yanaondoka. Ndiyo maana nimechagua ya kubana mlangoni. Wiki isiyo na kazi ya kubeba naitoa, dakika kumi na tano. Na gari likiwa na mzigo juu, kona zote punguza kasi, kwa sababu uzito umehamia juu na gari linalala upande kuliko ulivyozoea. Kwenye daraja la Kigamboni upepo wa pembeni unausikia mpaka kwenye usukani. Mimi nikiwa na mzigo sizidi 60.

DukaLaMagodoro

Kaka, narudi kutoa mrejesho. Nilifungua vile vifuniko vya reli kama ulivyosema. Upande wa kushoto bolti zote ziko imara. Kulia, ya nyuma inazunguka kwa vidole, na ya katikati haipo kabisa! Nimebebea reli hiyo sijui magodoro mangapi, mara nyingine nikiwa na wanangu kwenye gari. Nimelipaki, oda za wiki hii zinakwenda kwa kirikuu. Inayozunguka, nati yake ya ndani imeachia au ni bolti tu?

FundiKioo

Dada, umefanya vyema kulipaki. Ishike bolti uivute juu huku ukiizungusha. Ikitoka, ikague uzi wake. Ukiwa mzima, ilikuwa imelegea tu, weka mpya na raba mpya. Ikizunguka bila kutoka, nati imeachia ndani, na hapo dari lazima lishuke.

MchomeleajiMkongwe

Binti yangu, ikiwa nati imeachia usimruhusu mtu achomelee kutokea juu. Wakushushie dari, watoe nati mbovu, waweke flatibaa yenye nati iliyochomelewa nje ya gari kwanza, ikiwa mezani, kisha ndiyo iingizwe kwa ndani. Kipimo: sentimita 5 kwa 10, milimita 3. Mwambie fundi akuoneshe kabla hajarudisha dari.